Kutulia Angani

Helikopta ya uokoaji inapofanya kazi yake kubwa haiendi popote. Inafika kwa kasi na itaondoka kwa kasi, lakini zile dakika chache ambazo kwa ajili yake imenunuliwa, ikajazwa mafuta na kupewa marubani wawili, inazimaliza ikiwa imesimama hewani juu ya mtu mmoja aliye chini. Rubani kwa kawaida husifiwa kwa mwendo. Huyu ninayeandika habari zake anasifiwa na wenzake kwa kutosogea.

Tumchukue kijana wa Kimarekani aliyesomea uhandisi wa ndege katika Chuo cha Jeshi la Anga, Colorado Springs, akahitimu, akavishwa cheo cha luteni usu, na wenzake walipokimbilia ndege za kivita yeye akachagua helikopta. Simpi jina, kwa kuwa wanaoipita njia hii ni wengi na njia ni ileile. Kichwani amejaa hesabu. Anajua kwa nini panga zinazozunguka, zikisukumwa mahali fulani, zinaitikia robo ya mzunguko baadaye. Anajua kwa nini helikopta inayoanza kwenda mbele hupata nguvu za ghafla bila injini kuongezewa chochote: imeacha nyuma hewa iliyovurugwa na panga zake yenyewe na kuingia katika hewa safi. Anaweza kukuandikia milinganyo yake ubaoni bila kutazama kitabu.

Siku ya kwanza kwenye usukani elimu hiyo yote inakaa kimya.

Kwa miaka mingi marubani wa helikopta wa Jeshi la Anga la Marekani wamejifunzia Fort Rucker, Alabama, kambi ya jeshi la nchi kavu, tambarare na yenye joto. Helikopta yao ya kujifunzia ilikuwa Huey, ya ukoo uleule uliosikika Vietnam, yenye panga mbili pana. Mwanafunzi anakaa, anafunga mikanda, na mkufunzi anamwonyesha vitu vitatu.

Mkono wa kushoto unashika wenzo ulio ubavuni mwa kiti. Ukivutwa juu, panga zote zinaongeza pembe kwa pamoja, zinakamata hewa zaidi, helikopta inapanda. Mkono wa kulia unashika usukani uliosimama katikati ya magoti. Huo unalaza duara zima la panga mbele, nyuma au upande, na helikopta inafuata mlalo huo. Miguu iko kwenye pedali mbili zinazotawala pangaboi dogo la mkiani, ambalo kazi yake ni kuzuia kiwiliwili kisizunguke kinyume na panga za juu. Ardhini, kila kiungo kina kazi yake. Hewani hakuna chenye kazi ya peke yake. Mkono wa kushoto ukivuta wenzo kidogo, nguvu ya kuzungusha inaongezeka na pua inakimbilia kulia, kwa hiyo mguu wa kushoto lazima ukanyage. Mguu ukikanyaga, pangaboi la mkiani linaisukuma helikopta nzima upande, na mkono wa kulia unatakiwa uirudishe. Mkono wa kulia ukilaza duara, sehemu ya nguvu ya kuinua inapotea, helikopta inazama kidogo, na mkono wa kushoto unavuta tena. Mambo yameanza upya, na haijapita sekunde moja.

Mkufunzi hampi vyote kwa mara moja. Anampa pedali kwanza, yeye akishika vilivyobaki. Kisha wenzo. Usukani unakuja mwisho, na ukishakuja helikopta iliyokuwa imetulia inaanza kuyumba: kushoto, kulia, kushoto zaidi, kulia zaidi. Mhandisi wetu anaujua ugonjwa huu kwa jina na kwa hesabu. Kila sahihisho linachelewa kidogo, likifika linakuta hali imeshabadilika, na badala ya kutuliza linachochea. Kuujua hakumponyi. Anashika usukani kwa ngumi, bega limepanda hadi sikioni, macho yameganda kwenye nyasi zilizo mbele ya pua.

Mkufunzi anamwambia mambo matatu tu, kila siku yaleyale. Laza kigasha juu ya paja. Shika kwa vidole. Tazama mbali. Hilo la mwisho ndilo linalochukua muda kuingia. Macho yakitazama chini karibu, kila msogeo mdogo unaonekana mkubwa na mkono unashtuka. Yakitazama mstari wa miti mwisho wa uwanja, pua ikiinuka hata kidogo mtu anaiona kabla helikopta haijaanza kusogea. Mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani, mikono yake huru, haitazami ndoo. Anatazama njia, na shingo inafanya masahihisho ambayo yeye mwenyewe hayahesabu.

Siku zinapita, na asubuhi moja helikopta inatulia. Hakuna cha ajabu kilichotokea. Ukiutazama mkono wake wa kulia utadhani umelala juu ya paja. Weka jicho kwenye ncha ya usukani ndipo utaona kazi: inatembea milimita chache, huku na huku, bila kupumzika. Kutulia kunakoonekana kutoka nje kumetengenezwa na misogeo midogo isiyohesabika, kila mmoja umeanza kabla haujahitajika.

Kutoka Alabama anapelekwa kambi ya Kirtland, pembeni mwa jiji la Albuquerque, New Mexico. Hapa anakutana na helikopta ya kazi, HH-60 ya kampuni ya Sikorsky. Aina ya G, iitwayo Pave Hawk, ndiyo iliyobeba kazi hii kwa miongo kadhaa, na sasa inaachia nafasi aina mpya ya W. Pave Hawk ina injini mbili, panga nne zenye kipenyo cha zaidi ya mita 16, na ikijazwa hukaribia tani 10. Winchi yake, iliyo juu ya mlango, inaweza kuinua kilo 270 kutoka kimo cha mita 60.

Kirtland haikuchaguliwa kwa uzuri wa machweo yake. Uwanja wenyewe uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mashariki yake kuna milima ya Sandia inayopita mita 3,200. Kileleni hewa imepungua uzito kwa zaidi ya robo. Panga zinashika kitu chepesi, na injini nazo zinavuta pumzi ya hewa hiyohiyo nyepesi. Hapo ndipo uhandisi wa kijana unapozinduka.

Kabla ya kuruka anajaza kadi. Joto la nje, kimo, uzito wa helikopta, uzito wa mafuta, uzito wa kila mtu na mzigo wake. Kutokana na hayo anapata namba mbili zinazotawala siku nzima: nguvu ambayo injini zinaweza kutoa pale anapokwenda, na nguvu inayohitajika ili kutulia angani pale. Ya pili nayo ina sura mbili. Karibu na ardhi, ndani ya kimo kisichozidi sana kipenyo cha panga, hewa inayosukumwa chini inagonga ardhi na helikopta inapata nafuu. Juu ya korongo, juu ya vilele vya misonobari, kwenye mteremko mkali, nafuu hiyo haipo. Rubani asiyepiga hesabu huigundua tofauti akiwa tayari amesimama mahali pabaya. Aliyepiga hujua mapema kwamba atafika akiwa na ziada ya asilimia kadhaa, au kwamba hana ziada kabisa, na basi lazima achome mafuta kwanza, au ashushe watu wawili na vifaa kwenye uwanda wa chini, au aseme hapana. Picha za helikopta mbele ya jua linalozama zimejaa kila mahali. Mimi kadi hii, iliyojazwa kwa penseli, naiona nzuri kuliko zote.

Hesabu hizi zina umri wa kazi yenyewe. Mwaka 1944, tarehe 25 na 26 Aprili, Luteni Carter Harman alikwenda nyuma ya mistari ya Wajapani nchini Burma na Sikorsky aina ya R-4, helikopta ambayo injini yake haikufikia nguvu za farasi 200. Joto na mwinuko vilimruhusu kubeba abiria mmoja tu kwa safari. Kulikuwa na watu wanne wa kuokoa, rubani mmoja wa ndege ndogo na askari watatu wa Kiingereza. Akamchukua mmoja, akampeleka kwenye fungu la mchanga kando ya mto ambako ndege nyingine ilimpokea, akarudi. Injini ikapata joto mno, akalazimika kulala papo hapo usiku kucha akisubiri ipoe na asubuhi iwe na ubaridi. Akamaliza wote wanne. Harman hakuwa mhandisi. Alisomea muziki Princeton na baadaye alijulikana kama mtunzi. Sishangai sana. Kazi hii, kama tutakavyoona, nusu yake ni ya sikio.

Kuna jambo jingine la kujifunza kabla ya winchi, nalo ni kunywa mafuta hewani. Ndege ya HC-130 inatangulia ikiburura bomba refu lenye kikapu mwishoni. Ni ndege ya injini nne iliyopunguza mwendo hadi karibu na mwisho wa uvumilivu wake, na nyuma yake helikopta inayokimbia karibu na mwisho wa uwezo wake. Wanakutana kwenye kilomita 200 hivi kwa saa. Puani mwa helikopta, upande wa kulia, kuna mrija unaosukumwa mbele hadi uzidi kidogo tu ncha za panga. Rubani hatakiwi kukikimbiza kikapu. Kinacheza, na mwenye kukifuata atacheza nacho. Anajipanga nyuma yake, anasubiri, anauzoea mchezo wake, kisha anaongeza mwendo wa kutembea na kuingia. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1991, katika dhoruba kubwa ya Atlantiki, Pave Hawk ya Walinzi wa Taifa wa Anga wa New York ilijaribu mara nyingi ikashindwa, mafuta yakaisha, ikabidi ishuke baharini. Watu wanne kati ya watano waliokolewa na meli ya walinzi wa pwani. Wa tano, mwokoaji Rick Smith, hakuonekana tena.

Sasa winchi. Tuseme kuna mpanda milima aliyevunjika mguu kwenye kishubaka cha mwamba. Helikopta haiendi moja kwa moja. Inapita juu mara moja, mbali, ili kila mmoja ndani yake atazame: upepo unatoka wapi, miti mirefu iko upande gani, mtu yuko wapi hasa. Inapita tena chini zaidi. Rubani anatafuta njia mbili, ya kuingilia na ya kukimbilia. Kama injini moja ikizimika akiwa ametulia pale, pua ataitupa wapi? Akikosa jibu, hasogei. Anajaribu kutulia kwanza pembeni, kwenye hewa ya wazi, analinganisha kipimo cha nguvu na namba ya kadi. Zinakubaliana. Anaanza kuja, dhidi ya upepo, polepole.

Halafu mtu yule anapotea. Pua ya helikopta inamfunika, sakafu inamfunika, na tangu hapo rubani hatamwona mpaka aletwe mlangoni. Tangu nilipolielewa hili siwezi kutazama filamu ya uokoaji kwa macho yale ya zamani. Yule aliyeshika helikopta haoni anachokifanya. Anayeona ni mwendesha winchi, aliyepiga magoti mlangoni akiwa amefungwa mkanda, kichwa na kifua viko nje. Rubani anamwona kwa masikio.

“Mbele ishirini. Kumi na tano. Kumi. Tano, nne, tatu, mbili, moja. Simama.”

Namba hizo ni futi, lakini ujumbe hauko kwenye namba peke yake. Uko kwenye mwendo wa kuzihesabu. Zikija harakaharaka, helikopta inakaribia upesi mno, na mkono unaanza kuvuta breki kabla neno “simama” halijatamkwa. Zikija kwa nafasi zilizo sawa, kila kitu kiko sawa. Mwendesha winchi mzuri hapandishi sauti. Anajua kuwa woga wake ungepita kwenye waya wa redio ukaingia moja kwa moja kwenye vidole vya rubani.

Rubani amechagua alama zake: jiwe lenye mstari mweupe mbele, shina la mti lililokauka upande wa kulia. Maadamu jiwe na shina havijabadilisha pembe, yeye hajasogea. Nyuma yake kulabu inashuka. Waya wa chuma unapita katika kiganja cha mwendesha winchi, ndani ya glavu nene ya ngozi; mkono mmoja unabonyeza swichi, mwingine unausikiliza waya. Ukianza kupepea anauzungusha kinyume mpaka utulie. Panga zinazokata hewa hukusanya umeme, kwa hiyo kulabu inaachwa iguse mwamba kwanza, la sivyo cheche yake itampata wa kwanza kuishika. Mwokoaji aliyeshuka mapema anaipokea, anaifunga kwenye machela, anafunga na kamba nyembamba pembeni ambayo ataishikilia kutoka chini. Bila kamba hiyo upepo wa panga ungeipata machela na kuizungusha kwa kasi ya kumzimisha mtu.

“Machela imeacha ardhi.” Uzito umehamia kwenye winchi, iliyo ubavuni, na helikopta inataka kuinamia upande huo. Kwa jicho halionekani lolote. Usukani umesogea milimita mbili, pedali imekanyagwa kidogo, na jiwe lenye mstari mweupe liko pale pale.

Ndani ya helikopta kuna swichi yenye kifuniko, ya kuukata waya kwa baruti ndogo. Kila anayeruka anajua ilipo na hakuna anayependa kuizungumzia. Tarehe 30 Mei 2002, kwenye Mlima Hood, Oregon, Pave Hawk ya akiba ya Jeshi la Anga ilikuwa juu ya majeruhi wa kupanda mlima, zaidi ya mita 3,000, nguvu ikapungua na helikopta ikaanza kuanguka. Waya ulikatwa kwa wakati na majeruhi akabaki thelujini badala ya kuburutwa. Helikopta ilibiringika mteremkoni, na wote waliokuwa ndani yake wakatoka hai. Video yake ilionyeshwa duniani kote kama mkasa. Mimi huitazama kwa ile nusu sekunde ambayo mtu, sakafu ikimkimbia, alimkumbuka wa chini.

Sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi tuliiona kazi hii kwa karibu Februari na Machi 2000, mito ya Limpopo na Save ilipoifunika Msumbiji. Helikopta za Jeshi la Anga la Afrika Kusini ndizo zilizotangulia, zikiokota watu juu ya mapaa na mitini. Mti ni mgumu kuliko mwamba. Upepo wa panga unatikisa matawi yaleyale ambayo watu wameyashikilia kwa siku kadhaa, mikono imechoka. Rubani akishuka mno anaweza kuwamwaga aliokuja kuwaokoa; akikaa juu mno waya unakuwa mrefu na kupepea. Anabaki kwenye kimo kisichomfurahisha yeye wala mwendesha winchi, na anakivumilia. Mama aliyejifungua juu ya mti, tarehe 1 Machi, alitolewa hivyo: tabibu aliteremshwa kwa waya, kitovu kikakatwa papo hapo, mama na mtoto wake wakapandishwa. Dunia ilimkumbuka mtoto, na ni haki. Lakini wakati yote hayo yakitendeka matawini, kulikuwa na mtu aliyekaa juu yao, asiyeona chochote, akitazama alama yake kwa mbali.

Usiku na bahari vinaondoa hata alama. Miwani ya kuonea usiku inampa rubani dunia ya kijani, nyembamba, isiyo na kina. Juu ya maji kila alama inatembea: wimbi likipita chini yake, mwili unaapa kwamba ni helikopta iliyosogea, na mkono unataka kuufuata mwili. Wanatupa majini taa ndogo za kuelea, angalau kuwe na kitu cha kukitazama, na rubani anajifunza kuamini vipimo na sauti ya mlangoni kuliko tumbo lake. Inachukua miaka. Hakuna anayeimaliza akiwa luteni.

Machela inaingizwa, mlango unafungwa, mwendesha winchi anasema njia ya mbele ni nyeupe. Waokoaji, ambao kaulimbiu ya kikosi chao ni kufanya kazi ili wengine waishi, wameshainamia mguu uliovunjika. Pua inashuka kidogo, helikopta inaingia katika hewa safi na kupata zile nguvu za bure ambazo kijana aliwahi kuzieleza ubaoni. Rubani anampa mwenzake usukani kwa maneno, mwenzake anaupokea kwa maneno, na yeye anarudi kwenye hesabu ya mafuta.

Kikao cha baada ya safari hufanyika meza moja, vyeo vikiwekwa kando, na mwendesha winchi, ambaye kwa cheo ni sajini tu, ana neno. Anasema helikopta ilisogea futi tatu kushoto machela ilipokuwa nusu ya njia, ikarudi. Mhandisi hakuwa na habari. Anafungua daftari, anaandika upepo ulikuwa wapi wakati huo, na anamwomba arudie, polepole, alianza kuiona lini.